Kadi ya Michoro Iliyohama Rafu

Nilistaafu nikiwa mkuu wa masjala ya wilaya, na tangu siku hiyo watu wengi wa Ifakara wameamini kwamba mtu aliyemaliza utumishi wake kati ya rafu za majalada hawezi kuijua kompyuta zaidi ya kuiwasha na kuizima. Imani hiyo si ya kweli. Kwa kuwa imesemwa mbele yangu mara nyingi, mojawapo ikiwa ndani ya kikao halali, nimeona niliandike jambo lenyewe lilivyokuwa, pamoja na kosa langu, ambalo sitalificha.

Kompyuta yangu ni ya mezani. Inakaa chumba cha mbele, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani ya mke wangu, na hufunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi la barabara. Inaendeshwa na mfumo huria, niliouchagua kwa sababu moja: unaandika kila kinachotokea ndani ya mashine, saa na dakika, katika kumbukumbu ambayo mwenye mashine anaruhusiwa kuisoma. Humo ndimo ninamotunza mihutasari ya skimu yetu ya umwagiliaji, ambayo mimi ni katibu wake, pamoja na rejista ya wanachama na mashamba yao.

Zipo hata hivyo programu zisizokubali kufanya kazi katika mfumo huo. Kwa ajili ya hizo nilitengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta nzima inayoendeshwa ndani ya kompyuta, ikiwa na mfumo ule wa kawaida wa maofisini, ikidhani ina mwili wake ilhali kila kitu imeazimwa. Wataalamu huuita mfumo wa nje mwenyeji na ule wa ndani mgeni. Maneno hayo yalinipendeza sana. Katika masjala mgeni hafiki kwenye rafu. Husimama dirishani, akaomba, akaletewa, akasaini. Waliokuwa wakinishauri niufute mfumo wangu na kubaki na ule mwingine peke yake walikuwa wakinitaka nimkabidhi mgeni ufunguo wa masjala.

Ugumu wote uko kwenye kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha na kuzipeleka kwenye skrini. Kompyuta yangu ina uwezo mdogo wa picha uliojengewa kwenye ubao wake, unaomtosha mwenyeji, na pia ina kadi kubwa yenye feni mbili, ambayo niliichomeka kwa mikono yangu. Hiyo kubwa nilitaka apewe mgeni moja kwa moja, aishike mwenyewe bila mtu katikati. Kadi lakini haitumikii wawili kwa wakati mmoja. Mwenyeji lazima aiachie tangu anapoamka, kabla hajaigusa, ndipo mgeni aichukue. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Jalada likienda mezani kwa afisa, kwenye rafu hubaki kipande cha karatasi ngumu kinachoonyesha liko kwa nani, na halitoki tena mpaka lirudi.

Nilitumia miezi kadhaa nikisoma maelezo ya watu nisiowajua, kamusi ikiwa pembeni, mpaka asubuhi moja skrini ya pili, iliyounganishwa na kadi ile, ikawaka na mgeni akatokea na rangi zake zote. Nilivaa koti nikaenda kanisani, ingawa haikuwa Jumapili.

Kila kifaa ndani ya kompyuta kina anwani, nambari inayoonyesha kimekaa wapi. Anwani ya kadi niliiandika kwa wino katika daftari gumu, na chini yake anwani ya kipande cha sauti, kwa kuwa kadi hizi huja na kipande cha sauti kilichoshikamana nazo, na viwili hivyo huazimwa pamoja kama jalada na viambatisho vyake. Nikapiga mstari. Nikasaini.

Sasa nije kwenye shamba la jirani yangu. Ni mama mjane, umri wake karibu na wa binti yangu mkubwa, na shamba lake la mpunga liko mkiani mwa mfereji. Misimu mitatu mfululizo maji yalimfikia wakati mpunga umeshageuka manjano. Kamati ikakubali kuchimba mfereji mdogo mpya wa kumfikia, na mwenyekiti akataka upite kando ya njia ya matrekta, kwa kuwa njia hiyo imenyooka. Yule mama akasimama akasema upande ule una kiinuko na maji hayatapanda.

"Kiinuko kiko wapi?" mwenyekiti aliuliza. "Mimi napita pale na baiskeli kila siku, sijaona mlima."

"Baiskeli unaikanyaga wewe, Mwenyekiti. Hayo maji atayakanyaga nani?"

Watu walicheka, na mwenyekiti hakupenda. Lakini ukweli ni kwamba bonde letu ni tambarare mno kwa jicho la mtu. Kiinuko cha kufika magotini huwezi kukiona, na maji hayakivuki. Bahati nzuri wanafunzi wa chuo kimoja cha kilimo walikuwa wamepita wakirusha droni juu ya mashamba yetu. Waliniazima diski yao ya mkononi yenye picha zote, nami nikawasainisha hati ya makabidhiano. Ramani yao wenyewe, walisema, ingetoka baada ya msimu. Ndipo nikasimama kikaoni nikatamka kwamba nitazigeuza picha zile kuwa ramani ya miinuko, na kwamba itakuwa mezani Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla ya jembe la kwanza.

"Katibu atatengeneza ramani?" mjumbe mmoja alisema kwa nyuma, akidhani simsikii. "Katibu ni mtu wa makaratasi."

Mwenyekiti akahitimisha. "Jumamosi ikifika hakuna ramani, tunachimba kando ya njia. Nalo hilo uliandike."

Nililiandika. Na katika safu ya mhusika wa utekelezaji nikaandika Katibu, kwa mkono wangu.

Picha zilikuwa nyingi kupita nafasi niliyokuwa nayo. Nikatafuta diski mpya, ya aina ile nyembamba inayolala bapa kwenye ubao wa kompyuta kama biskuti, nikaandika nambari yake ya kiwandani kwenye daftari la vifaa, nikaichomeka, nikazihamishia picha humo. Nilizihesabu kwa kulinganisha na hati, zilitimia. Diski ya wanafunzi nikairudisha kwao kwa basi la Kidatu siku ileile niliyokuwa nimeahidi. Nakala yao wanayo, lakini hata wangeituma tena isingenifikia kabla ya Jumamosi.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nilimwasha mgeni, kwa kuwa programu ya ramani ilikuwa kwake na ilihitaji kadi ile kubwa. Alikataa. Kumbukumbu ya mashine ilisema kwamba kifaa cha pili hakipo katika anwani iliyotajwa. Nikafungua daftari langu: anwani ya sauti ilikuwa ileile niliyoitaja. Nikahitimisha kwamba kipande cha sauti kimekufa, na kwa kuwa ramani haina sauti, nikakifuta kwenye orodha ya vitu anavyoazimwa mgeni. Nikamwasha mara ya pili. Safari hii alikubali, ila skrini ya kadi ilibaki nyeusi. Mbaya zaidi, upande wa mwenyeji folda ya picha za droni ilikuwa imetoweka, kana kwamba sikuwahi kuwa na picha hata moja.

Hapo ndipo jirani yangu alipopiga hodi.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Karibu, Mama. Keti."

Aliketi, akaitazama skrini nyeusi kwa muda. "Ndiyo ramani yenyewe hii? Naona na shamba langu limo."

Nilikuwa nimekwisha kumpigia simu fundi wa kompyuta mwenye duka la steshenari mjini, na simu nilikuwa nimeiweka mezani kwa sauti kubwa ili mikono yangu iwe huru.

"Mzee wangu, shikamoo!"

"Marahaba." Nikamweleza kwa mpangilio: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ngoja kwanza, mzee. Kadi yenyewe si zile za gemu? Unacheza mpira humo?"

"Sichezi mpira. Natengeneza ramani."

"Haya. Lakini kompyuta ndani ya kompyuta, mzee, si kujitesa huko? Hizo mambo waachie vijana. Jumatatu nakuja, tunapiga chini kila kitu, tunaweka mfumo mmoja, unapeta."

"Jumatatu mfereji utakuwa umeshachimbwa," mama alimwambia yule fundi kutoka kwenye kiti chake. "Kando ya njia."

Fundi hakujishughulisha kuuliza ni nani aliyesema hivyo. "Basi niambie mzee, hakuna ujumbe wowote umetokea hapo?"

Ulikuwapo. Nilikuwa nimemwachia mgeni kidirisha kidogo cha dharura ndani ya skrini ya mwenyeji, na humo sasa ulikuwa umefunguka ujumbe: diski iliyopo haisomeki, nayo lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Je, ifomatiwe sasa? Chini yake vitufe viwili.

"Ahaa, hiyo ndo yenyewe!" fundi alisema kwa furaha. "Inataka fomati tu. Bonyeza OK, mzee, kila kitu kitakaa."

Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya. Ninakiri.

Miaka mingi iliyopita nilitumwa ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, kufunga ofisi ndogo. Bwana mmoja aliyekuwa na cheo kunizidi aliniamuru nichome makaratasi yaliyobaki. Nilimwomba orodha, kwa kuwa hakuna karatasi ya serikali inayoteketezwa bila orodha yenye nambari na saini mbili. Alisema ni takataka, takataka haina orodha. Niliyapakia kwenye sanduku la bati nikarudi nayo, na kwenye pantoni pale Kivukoni, nilipoambiwa niliweke sanduku pamoja na mizigo ya abiria, nililikalia mpaka tukagusa upande wa Ifakara. Ndani ya zile takataka mlikuwa na hati za mipaka ya mashamba ya kijiji kizima.

Nikakiondoa kidole.

"Tunafomati nini?" nikamuuliza fundi.

"Si hiyo diski, mzee."

"Diski ipi?"

"Hiyo inayoonekana hapo."

"Nambari yake?"

"Mzee, hiyo haina nambari! Ni ya huko huko ndani. Wewe bonyeza."

Kila kitu kina nambari. Kwa miaka yote ya utumishi wangu sijawahi kukuta kitu cha ofisi kisicho na nambari, nimekuta tu watu wasiotaka kuitafuta. Nilimshukuru, nikakata simu. Nikakataa fomati, kisha nikamfungua mgeni na kutafuta maelezo ya diski ile aliyokuwa na haraka ya kuifuta. Ukubwa wake niliutambua. Nambari yake ya kiwandani nikaisoma tarakimu moja moja, mama akinishikia daftari la vifaa na kufuatisha kwa kidole.

"Sita," nikasema.

"Sita."

"Nane, nane."

"Nane mbili, ndiyo. Zote ni hizihizi, Katibu. Kuna ubaya?"

Ilikuwa diski yangu mpya. Mgeni alikuwa ameshikilia picha zote za droni, hana namna ya kuzisoma kwa kuwa diski ilipangwa kwa mtindo wa mwenyeji, na alikuwa akiomba ruhusa ya kuzifuta.

Nilisimama nikaenda dirishani. Mama akauliza kama niletewe maji. Nikamwambia ngoja, kwa sababu wakati huohuo jambo lote lilikuwa linajipanga kichwani mwangu mfano wa majalada yanayorudi mahali pake. Nilipoichomeka diski mpya, ubao wa kompyuta ulizihesabu upya nafasi zake. Diski ilipewa anwani iliyokuwa ya kadi, na kadi ikasukumwa mbele. Kipande cha sauti hakikuwa kimekufa hata kidogo. Kilihama pamoja na kadi yake, na diski haina kipande cha sauti. Mashine iliniambia ukweli tangu mara ya kwanza, kwamba kifaa cha pili hakipo pale, nami badala ya kuuliza kwa nini, nilikifuta ili ininyamazie. Mgeni aliomba kitu cha anwani ile, mwenyeji akampa kitu cha anwani ile. Wote wawili walitii maandishi. Maandishi yalikuwa yangu, na yalikuwa yamepitwa.

Kila mwaka ofisini nilifunga masjala siku nzima kwa ukaguzi wa rafu. Tulishika kila jalada kwa mkono na kulilinganisha na rejista, na kila kabati jipya lilipoingia tulifanya hivyo hata kama mwaka haujatimia. Vijana wa masjala waliniona msumbufu. Na mimi huyohuyo nilikuwa nimeingiza kifaa kipya ndani ya mashine, kisha nikaliamini daftari kwa sababu tu lilikuwa na saini yangu.

"Kosa ni la nani sasa?" mama aliuliza, nilipomaliza kumweleza.

"Langu."

"La kwako?" Alinitazama kama mtu aliyetarajia jibu refu zaidi. "Basi linatengenezeka. Lingekuwa la mwenyekiti tungeunda kamati."

Nilimzima mgeni, nikaizima na mashine yote, nikaiwasha upya. Diski ikarudi kwa mwenyeji. Niliikagua, ilikuwa salama, na picha nikazihesabu tena kwa kulinganisha na hati ya makabidhiano: zote. Kisha nikaitaka mashine initajie vifaa vyake vyote, kila kimoja kwa anwani yake na pia kwa nambari ya utambulisho, ile isiyobadilika hata kifaa kikihama. Kadi nikaikuta mahali papya, sauti yake ikiwa ubavuni. Nikazifuta anwani za zamani kwenye orodha ya mgeni, nikaandika mpya zote mbili, na kuagiza mwenyeji asiiguse kadi hiyo anapoamka, nikiitaja kwa utambulisho wake. Katika daftari gumu nikapiga mstari mmoja mwekundu juu ya maandishi ya zamani, kwa namna ambayo bado yanasomeka, nikaandika sababu pembeni na kusaini upya.

Ijumaa asubuhi mama alifika kabla sijamaliza chai. Nilimwasha mgeni mbele yake. Skrini ya pili ilikaa nyeusi kidogo, pumzi mbili hivi, halafu ikawaka.

Alipiga makofi mara moja, akaziba mdomo kwa kitenge.

Programu ilikula picha zile mchana kutwa, feni za kadi zikivuma hata mke wangu akauliza jikoni kama nimeleta mashine ya kukoboa. Kidatu, umeme unakozaliwa, si mbali na kwetu, lakini hukatika hapa kama unavyokatika kwa wengine. Niliikalisha kompyuta kwenye betri yake ya akiba na sikutoka chumbani. Alasiri ramani ilikuwa tayari: mashamba yetu yote, pa chini kwa rangi ya buluu, pa juu kwa kahawia. Nikaipeleka kuchapishwa kwenye karatasi kubwa, palepale kwenye duka la yule fundi, kwa kuwa ndilo lenye mashine hiyo.

Alipoifungua aliitazama kwa muda mrefu. "Mzee, hii nani kakufanyia?"

"Kadi ya gemu."

"Ile ile? Ndani ya ile kompyuta ya ndani?" Akazunguka meza. "Aisee. Na ile fomati, ulibonyeza?"

"Sikubonyeza. Ulichotaka nikifute kilikuwa hiki unachokitazama."

Nisingekuwa mkweli nikiacha kuandika kwamba baadaye alinisindikiza mpaka barabarani, ameibeba ramani kwa mikono miwili, na akaniomba nimwonyeshe siku moja jinsi kadi inavyokabidhiwa. Nimemwonyesha mara mbili. Anaandika polepole, lakini anaandika.

Jumamosi saa tatu kasoro dakika kumi ramani ilikuwa mezani. Ukanda wa kahawia ulikatiza njia ya matrekta mahali palepale aliposema mama. Nyuma yake, ukizunguka kama upinde, mstari wa buluu ulifuata kijito kilichokufa zamani hadi shambani kwake.

Mwenyekiti aliinamia karatasi. "Hizi ni rangi, Katibu. Nitajuaje kama ni kweli?"

Wengine walidhani nimechukizwa. Siku nyingine ningechukizwa, lakini nilikuwa nimetoka kuamini karatasi bila kutazama rafu. Nikapendekeza twende na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao waashi huujaza maji kupimia usawa wa msingi. Tukaenda kikao kizima. Mwashi mmoja mwanachama alishika ncha moja, mwenyekiti mwenyewe nyingine, kwenye njia anayoendeshea baiskeli kila siku. Maji ndani ya mpira yalikaa usawa mmoja, kama kawaida yake, na upande wa mwenyekiti ardhi ilikuwa imepanda karibu na goti.

Alilitazama goti lake. "Huo upinde utatuongezea siku mbili za kuchimba," akasema hatimaye.

"Hizo siku mbili niandike mimi," mama akajibu. "Nitakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka."

Nikaandika.

Mfereji ulichimbwa kwa upinde. Siku ya kufungua maji mwenyekiti alinipigia simu akiwa kwenye lango la mfereji, akasema yamefika kwa mama, niandike kwenye kitabu nimalize. Nikamwambia bado. Nilivaa kofia nikaenda mwenyewe mpaka mkiani, na penye tuta la mwisho nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia shambani.

Mpunga ulikuwa bado kijani. Maji yalikuwa yakipita kati ya mashina, ya baridi, yakipanda taratibu kwenye vifundo vya miguu yangu.

"Umeyaona, Katibu?" mama aliniuliza kutoka kwenye tuta, mikono kiunoni. "Au unasubiri yasaini?"

Nilitoa daftari mfukoni, nikaangalia saa, nikaandika palepale nimesimama majini.